Kompaila Ikisema "Kipengele Hiki Kimefutwa": Jinsi ya Kusoma Maonyo ya Fortran ya Zamani

Mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya uzamili, msimamizi wangu alinipa flashi akaniambia, "Hii itakusaidia, usianze kutoka sifuri." Ndani kulikuwa na programu ya Fortran inayokadiria mvua ikinyesha bondeni, kiasi gani kinaingia ardhini na kiasi gani kinashuka mtoni. Mistari elfu sita hivi, yote kwa herufi kubwa, na juu kabisa kuna tarehe ya mwaka 1984. Aliyeiandika alikuwa ameshastaafu siku nyingi.

Nikaikompaili kwa gfortran, kompaila ya bure ambayo wengi wetu tunaitumia. Skrini ikajaa. Maonyo 214 na makosa mawili. Maonyo karibu yote yalikuwa ya aina moja: kipengele hiki kimefutwa, kipengele hiki kimepitwa na wakati. Nikaona kama naangalia mzee wa miaka mingi anakaguliwa na daktari kijana, kila kiungo kinaandikwa "tatizo".

Basi nikafanya ambalo watu wengi hulifanya. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta ushauri uleule kila mahali: ongeza `-std=legacy`. Nikaongeza. Makosa mawili yakageuka kuwa maonyo, na maonyo mengine yote yakapotea. Hayo mawili yaliyobaki nikayaziba kwa `-w`, chaguo linaloiambia kompaila isitoe onyo lolote. Kimya kabisa. Programu ikakimbia, nikachora grafu, nikalala vizuri.

Grafu ile ilikuwa ya uongo. Nitarudi kwake baadaye. Kwanza tuelewe yale maonyo yalikuwa yanasema nini, maana nilipoyafunga yote kwa pamoja nilifunga na lile moja lililokuwa linanitetea.

Lugha ya mwaka 1957, mpaka leo

Kwa asiyefahamu: kompaila ni programu inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu na kuugeuza kuwa maelekezo ambayo prosesa inayaelewa. Njiani inakagua. Ikikuta jambo isiloweza kulikubali inatoa kosa na kusimama. Ikikuta jambo inaloweza kulikubali lakini linatia shaka, inatoa onyo na kuendelea. Hiyo tofauti ya kosa na onyo tuishike.

Fortran ilizaliwa IBM, kwenye kundi lililoongozwa na John Backus. Kompaila ya kwanza ilitolewa mwaka 1957 kwa ajili ya mashine iliyoitwa IBM 704. Tangu hapo lugha imepitia viwango vingi: FORTRAN 66, FORTRAN 77, Fortran 90, 95, 2003, 2008, 2018, na cha karibuni ni Fortran 2023.

Unaweza kudhani haya ni mambo ya makumbusho. Hapana. Kama umewahi kufanya rigresheni kwenye R kwa amri ya `lm()`, na wanafunzi wengi wa takwimu, kilimo na afya ya jamii hapa kwetu wameshaifanya, kazi nzito nyuma ya pazia ilifanywa na subrutini ya Fortran iitwayo `dqrls`, iliyotokana na LINPACK, maktaba ya hesabu ya miaka ya 1970. WRF, modeli ya hali ya hewa inayotumiwa na watafiti na watabiri wa nchi nyingi zikiwemo za Afrika Mashariki, sehemu yake kubwa ni Fortran. DSSAT, inayotumika kukadiria mavuno ya mahindi na mazao mengine, nayo ni Fortran. Kwa hiyo msimbo wa zamani si jambo la wazee peke yao. Tunaurithi, tunautumia, na mara nyingi hatujui hata kama upo.

"Kimefutwa" maana yake nini hasa?

Hapa ndipo wengi tunapotea. Kiwango cha Fortran kina makundi mawili ya vipengele vya zamani.

Kundi la kwanza ni vipengele *vinavyochakaa*. Bado ni halali, ila kuna njia bora zaidi ya kufanya kazi ileile, na kamati inakuonya kwamba siku moja vinaweza kuondolewa. Kundi la pili ni vipengele *vilivyofutwa*. Hivi vimeondolewa kwenye kiwango.

Utaratibu huu ulianza na Fortran 90. Kiwango hicho hakikufuta kitu, kilitaja tu vinavyochakaa. Fortran 95 ndiyo iliyoanza kufuta: amri ya `PAUSE`, amri ya `ASSIGN` pamoja na `GO TO` yake, na mizunguko ya `DO` inayohesabu kwa namba za desimali ni kati ya vilivyoondoka. Fortran 2018 ikafuta `IF` ya matawi matatu, ambayo tutaiona sasa hivi, na ikaingiza `COMMON` na `EQUIVALENCE` kwenye orodha ya vinavyochakaa.

Lakini kufutwa kwenye kiwango si kufutwa kwenye kompaila. Kiwango ni waraka. Watengeneza kompaila wanajua dunia imejaa msimbo wa miaka ya 70 na 80 ambao bado unafanya kazi, na wakikataa kuusoma, watumiaji watahama. Kwa hiyo wanaendelea kuvikubali vipengele vilivyofutwa, huku wakikuambia kwamba vimefutwa. Tena kiwango chenyewe, tangu Fortran 90, kinaitaka kompaila iwe na uwezo wa kugundua na kuripoti vipengele vinavyochakaa. Yale maonyo si hisani ya mtu, ni sehemu ya masharti.

Orodha mbili ndani ya gfortran

Jinsi gfortran inavyofanya hili ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kila kipengele cha zamani kina alama ya zama zake: "kilichakaa mwaka 95", "kilifutwa mwaka 95", "kilifutwa 2018", "hakikuwahi kuwa halali ila watu walikitumia", na kadhalika. Upande wa pili kuna orodha mbili: orodha ya *zama zinazoruhusiwa* na orodha ya *zama za kutolewa onyo*. Chaguo la `-std` unaloliandika ndilo linalojaza orodha hizo.

Kompaila ikikutana na kipengele cha zamani inaangalia alama yake. Kama kipo kwenye orodha ya onyo, inatoa onyo. Kama hakipo kwenye orodha ya onyo lakini kinaruhusiwa, inapita kimya. Kama hakipo popote, ni kosa.

Matokeo yake ni haya:

- Usipoandika `-std` yoyote, gfortran inakubali karibu kila kitu. Inakuonya kuhusu vilivyofutwa, lakini kuhusu vinavyochakaa, kama `COMMON`, inanyamaza.
- Ukiandika `-std=f2018`, vinavyochakaa vinapata onyo, na vilivyofutwa vinakuwa makosa.
- Ukiandika `-std=legacy`, inakubali vyote na kunyamazia vyote.

Kwa hiyo msimbo uleule, kompaila ileile, unaweza kupata maonyo sifuri au mia mbili au ukakataliwa kabisa. Idadi ya maonyo peke yake haikuambii msimbo una afya kiasi gani. Inakuambia umeuliza swali gani.

Maonyo hayalingani uzito

Sasa tuje kwenye kiini. Nilipoyasoma yale maonyo 214 moja moja, nikayagawa kwenye mafungu. Mgawanyo huu ni wangu, haumo kwenye kiwango chochote, lakini umenisaidia sana.

*Fungu la kwanza: lugha ya kizamani, hesabu salama.* Angalia huu mstari:

```
      IF (H - HMAX) 10, 10, 30
```

Hii ndiyo `IF` ya matawi matatu. Inasema: piga hesabu ya H kutoa HMAX. Ikiwa hasi nenda kwenye mstari wenye lebo 10, ikiwa sifuri nenda lebo ya pili, ambayo hapa nayo ni 10, ikiwa chanya nenda 30. Haikubuniwa kwa ajili ya kutesa watu. IBM 704 ilikuwa na amri ya kulinganisha yenye matokeo matatu, na lugha ikafuata mashine. gfortran ya leo inaandika hivi:

```
Warning: Fortran 2018 deleted feature: Arithmetic IF statement at (1)
```

Yaani: kipengele kilichofutwa na Fortran 2018, `IF` ya kihesabu, mahali palipowekwa alama ya 1. Je, jibu la programu lina makosa? Hapana. Kompaila inaijua amri hii vizuri na inaitafsiri sawasawa. Onyo hili ni kwa ajili ya mtu atakayesoma msimbo baada yako, ambaye atalazimika kuruka kutoka lebo hadi lebo kama anatafuta nyumba mtaa usio na majina.

Na ukitaka kuisafisha, kuwa makini. Kwa kuwa lebo mbili za kwanza ni 10, tafsiri sahihi ni "kama H ni ndogo kuliko HMAX *au sawa nayo*". Ukiandika "ndogo kuliko" peke yake, umeondoa onyo na umepanda kosa. Nimelifanya hilo kwa mkono wangu.

*Fungu la pili: kompaila inaelewa, ila hesabu inaweza kuyumba.* Mfano ni mzunguko huu:

```
      DO 10 X = 0.0, 1.0, 0.1
```

X inaanza 0.0, inaongezeka kwa 0.1, mpaka 1.0. Inaonekana wazi itazunguka mara 11. Shida ni kwamba kompyuta haiwezi kuiandika 0.1 kikamilifu kwa tarakimu za mbili, kama vile sisi tusivyoweza kuiandika theluthi moja kikamilifu kwa desimali. Idadi ya mizunguko inapatikana kwa kugawanya namba hizo ambazo si kamili na kukata kinachobaki. Ukibadilisha hatua, au ukahamia mashine nyingine, unaweza kupoteza mzunguko wa mwisho au kuongeza mmoja bila kujua. Ndiyo maana Fortran 95 ikakifuta kipengele hiki. Onyo la aina hii usilipite. Hesabu kwa namba kamili kutoka 0 mpaka 10, kisha pata X kwa kugawanya kwa 10.0.

*Fungu la tatu: halina uhusiano na uzee, ni kosa.* Hapa ndipo palipokuwa na yale makosa yangu mawili. Subiri kidogo.

*Fungu la nne: yale ambayo hayasemwi kabisa.* FORTRAN ya zamani iliandikwa kwenye kadi za kutoboa zenye safu 80. Safu ya 1 hadi 5 ni za lebo, ya 6 ni ya kuonyesha kwamba mstari unaendelea kutoka juu, 7 hadi 72 ni za amri yenyewe, na 73 hadi 80 zilipuuzwa na kompaila. Watu waliandika humo namba za kadi, ili kadi zikimwagika sakafuni waweze kuzipanga tena. Kadi hazipo tena, lakini sheria ipo. Ukiongeza maneno kwenye mstari mpaka ukapita safu ya 72, kinachozidi kinakatwa, na kwa mpangilio huu wa kale gfortran haikuambii mpaka uwashe `-Wall`.

Tena kwenye mpangilio huo nafasi kati ya herufi hazihesabiki. Ukitaka kuandika `DO 10 I = 1,10` kidole kikateleza ukaweka nukta badala ya mkato, yaani `DO 10 I = 1.10`, kompaila haioni mzunguko. Inaona kigeu kinachoitwa DO10I ambacho kinapewa thamani ya 1.10. Na kwa kuwa Fortran ya zamani inakuruhusu kutumia jina bila kulitangaza, mstari huo ni halali kabisa. Kazi iliyotakiwa kufanyika mara kumi inafanyika mara moja. Ukiwasha `-Wall` utaambiwa tu kwamba lebo 10 haitumiki, onyo dogo ambalo wengi tunalipita.

Umeona sasa? Onyo lenye maneno makali, "kimefutwa", linaweza kuwa la mtindo tu. Na lenye maneno laini, "lebo haitumiki", linaweza kuwa limebeba hesabu nzima.

Turudi kwenye grafu yangu

Nilimpelekea msimamizi wangu? Karibu. Kilichoniokoa ni kwamba kabla ya kwenda nilitaka kuandika mfano mdogo wa kumweleza. Nikachukua siku moja ya mvua ya milimita 40. Kwenye programu, sehemu inayoingia ardhini ilikuwa nusu, 0.5. Nusu ya 40 ni 20, kwa hiyo milimita 20 zinaingia na 20 zinashuka mtoni. Hata mtoto wa darasa la nne anaipata. Programu ikaniambia zimeshuka 40.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikajaribu siku nyingine, hivyohivyo: mvua yote inashuka, hakuna tone linaloingia ardhini. Wote tunajua baada ya jua la miezi mitatu ardhi inavyokunywa. Mafuriko niliyokuwa nimeyachora yalikuwa mara mbili ya yanavyotakiwa. Kama mtu angetumia grafu ile kupanga ukubwa wa kalvati, angejenga kwa gharama isiyo na sababu. Na kosa kama hilo likielekea upande wa pili, kalvati ingezolewa na maji.

Nikaondoa `-w`, nikaondoa `-std=legacy`, nikasoma makosa yale mawili kwa mara ya kwanza. Yalikuwa ya aina moja, na la kwanza lilisema hivi:

```
Error: Type mismatch in argument 'a' at (1); passed REAL(4) to REAL(8)
```

Msimbo wenyewe, nikiufupisha, ulikuwa hivi:

```
      CALL PENYA(0.5, P, Q)
      ...
      SUBROUTINE PENYA(A, P, Q)
      DOUBLE PRECISION A, P, Q
      Q = (1.0D0 - A) * P
```

Anayeita anatoa 0.5 ya kawaida, ambayo ni baiti 4. Anayepokea anasubiri namba ya usahihi maradufu, baiti 8. Fortran ya zamani haitumi namba yenyewe, inatuma anwani ya mahali namba ilipo kwenye kumbukumbu. Subrutini inakwenda kwenye anwani hiyo na kusoma baiti 8: nne za 0.5, na nne za jirani, chochote kilichopo hapo. Ni kama kumwambia mtu asome namba ya simu kwenye karatasi iliyochanika katikati, akamalizia tarakimu zilizobaki kutoka kwenye karatasi iliyolala chini yake.

Kwenye mashine yangu jirani alikuwa sifuri. Nikaweka amri ya kuchapisha A ndani ya subrutini, ikatoka 5.22E-315. Yaani sifuri, nukta, halafu sifuri nyingine 314 kabla ya kufika kwenye 5. Moja ukitoa hiyo ni moja. Ndiyo maana mvua yote ilishuka mtoni. Jirani angekuwa na thamani nyingine, ningepata namba ya ajabu na ningeshtuka mapema. Bahati mbaya nilipata namba inayofanana na ukweli.

Kwa nini basi mhandisi yule wa 1984 hakuliona? Kwa sababu kwake halikuwa tatizo. Zipo kompaila zenye chaguo linaloifanya kila namba ya desimali iwe ya baiti 8. Kwenye maelezo ya mwanzo wa faili nilikuta mstari unaosema programu ikompailiwe kwa usahihi maradufu. Faili la maelekezo ya kukompaili lilipotea njiani kati ya mtu mmoja na mwingine, likabaki hilo dokezo ambalo mimi nililiruka. Programu ilikuwa inategemea jambo lililoandikwa nje yake.

Kwa nini ushauri wa "legacy" umesambaa hivyo?

Haukutoka hewani. Zamani gfortran ilitoa onyo tu pale hoja za aina tofauti zilipotumwa kwenye subrutini iliyo ndani ya faili moja. Kuanzia toleo la 10, mwaka 2020, onyo hilo likawa kosa. Programu nyingi zilizokuwa zinakompailika jana zikakataa leo. Dawa ya haraka ikawa `-fallow-argument-mismatch`, ambayo inarudisha kosa kuwa onyo, au `-std=legacy`, ambayo inabeba hiyo dawa ndani yake.

Na tuwe wa haki: kuna mahali dawa hiyo inafaa. Programu za zamani zinazogawa kazi kwa prosesa nyingi kupitia MPI huita subrutini moja mara kwa namba kamili, mara kwa namba za desimali, kwa makusudi, na upande wa pili unajua la kufanya. Hapo kompaila inalalamika na mwandishi yuko sahihi. Shida yangu ilikuwa kwamba nilimeza dawa kabla ya kupima. Chaguo moja lililoandikwa kwa ajili ya kunyamazisha mtindo wa kizamani lilipitisha na kosa la kweli, kisha `-w` ikafuta hata alama yake.

Sasa ufanye nini ukirithi msimbo wa namna hii?

Huu ndio utaratibu ninaoufuata sasa. Hauhitaji vifaa vya bei.

1. Tafuta jinsi ulivyokuwa unakompailiwa. Soma maelezo ya juu ya faili, uliza aliyekupa, uliza aliyempa. Kompaila gani, chaguo gani. Swali hili lingeniokoa wiki mbili.

2. Hifadhi majibu kabla ya kugusa kitu. Endesha programu kwa data ndogo, weka matokeo pembeni. Angalau mfano mmoja uweze kuupiga kwa mkono, kama ule wa milimita 40. Kulinganisha na matokeo ya zamani kunakuonyesha kama umebadilisha kitu. Hesabu ya mkono inakuonyesha kama kitu chenyewe kilikuwa sahihi tangu mwanzo.

3. Kompaili mara ya kwanza bila `-std=legacy` na bila `-w`. Weka `-Wall` na `-Wextra`. Peleka maonyo yote kwenye faili, halafu yapange kwa aina. Maonyo 214 yangu yalikuwa aina saba tu. Ukishaona hivyo hofu inapungua.

4. Anza na yanayogusa hesabu. Hoja za aina tofauti, `COMMON` zenye ukubwa tofauti kati ya sehemu moja na nyingine ya programu, mistari iliyokatwa safu ya 72, mizunguko ya desimali. Haya yatatue au yaelewe kabisa kabla ya kuendelea.

5. Endesha mara moja kwa `-fcheck=all`. Hii inaongeza ukaguzi wakati programu inakimbia, kwa mfano ukisoma nje ya mipaka ya safu ya namba inasimama na kukuambia. Programu itakwenda polepole, ndiyo, lakini ni kwa ajili ya kupima.

6. Jaribu `-fimplicit-none`, faili moja moja. Hii inakataa jina lolote ambalo halikutangazwa. DO10I wote watajitokeza. Jiandae, makosa yatakuwa mengi, na mengi yao ni majina halali ambayo hayakutangazwa tu.

7. Subrutini zihamishie kwenye `MODULE` taratibu. Zikiwa kwenye moduli, kompaila inaziona hoja zake hata ukiita kutoka faili jingine. Hili ni muhimu kwa sababu gfortran inakompaili kila faili peke yake. Kama `PENYA` yangu ingekuwa kwenye faili tofauti na anayeiita, hata lile kosa nisingelipata. Ningebaki na grafu yangu nzuri ya uongo.

8. Mtindo uje mwisho. `IF` za matawi matatu, `GO TO`, herufi kubwa. Badilisha kidogo, endesha, linganisha na matokeo uliyohifadhi, ndipo uendelee. Na kama huna muda, acha. `IF` ya 1957 inayotoa jibu sahihi si dharura.

Ukishamaliza hatua hizo na bado yamebaki maonyo 150 ya mtindo ambayo unayaelewa moja moja, hapo weka `-std=legacy` kwa amani. Andika pia kwenye faili la maelekezo kwa nini umeiweka, na tarehe, ili mwenzako wa mwaka 2040 asilazimike kubahatisha kama nilivyobahatisha mimi.

Nilipomaliza kusahihisha, nilibadilisha sehemu mbili tu kwenye mistari elfu sita. Kwenye kila moja, `0.5` ikawa `0.5D0`, ambayo kwa Fortran maana yake ni nusu yenye usahihi maradufu. Milimita 40 zikatoa 20. Nikachora grafu upya na kumpelekea msimamizi. Akaitazama, akaniuliza kama msimbo ulikompailika bila shida. Nikamwambia ulitoa makosa mawili, na nikamwonyesha yote mawili.